Inhela Iliyobaki Tucson

Nyumbani kwa kina Bórquez, mjini Tucson, kila mtu alikuwa na kazi yake siku ya safari. Baba Evaristo alikagua magurudumu na maji ya injini. Mama Nohemí alifunga chakula. Bibi Chayo, mama yake mama, alikaa mlangoni mkoba mapajani, akiwahimiza wote kana kwamba yeye ndiye dereva. Na Marisela, mwenye miaka kumi na miwili, alifunga kifuko chekundu chenye inhela, kichupa cha dawa ya kuvuta, ya mdogo wake Lalo. Lalo alikuwa na miaka sita na pumu isiyotabirika. Leo alikimbia kutwa nzima, kesho alilazwa.

Jumamosi hiyo walikuwa wanakwenda baharini, Puerto Peñasco, ng'ambo ya mpaka. Marisela alikuwa na spika mpya ndogo, zawadi ya siku yake ya kuzaliwa, na baba alikuwa amekwisha kukataa isibebwe. "Tunakwenda kusikiliza bahari, si makelele," alisema. Basi Marisela akaitoa inhela kifukoni, akaiweka juu ya meza ya jikoni, na mahali pake akaitumbukiza spika. Alipanga kuitia inhela mfukoni mwa suruali yake. Lakini baba alipiga honi, Bibi akaita, na Marisela akatoka mbio, akakisukumia kifuko chini ya mizigo ndani ya buti ya gari.

Walipofika mji mdogo wa Sells, mwendo wa saa moja, baba alisimama kuweka mafuta. Hapo ndipo Marisela alipopapasa mfuko wa suruali. Ulikuwa mtupu. Akaiona ile meza ya jikoni mbele ya macho yake, na inhela ya bluu juu yake.

"Mari," mama aliita kutoka kiti cha mbele, "inhela ya Lalo ipo?"

Wakati huo baba alikuwa anarudi kwenye gari akipiga mluzi, akijisifu kwamba safari hii wangewahi foleni ya mpakani. Marisela alimfahamu baba yake. Akiambiwa arudi nyumbani, angefoka mpaka vioo vitetemeke.

"Ipo, mama," akasema.

Tangu hapo hakuitazama tena barabara. Alikaa kiti cha nyuma akikitazama kifua cha Lalo kikipanda na kushuka.

"Mbona unaniangalia hivyo?" Lalo akauliza. "Nimeota ndevu?"

Mpakani, askari aliinama dirishani akauliza wamebeba nini.

"Chakula na mama mkwe," baba akajibu.

"Na mkwe mvivu," Bibi Chayo akadakia. "Mwandike huyo pia, asije akapotea."

Askari akacheka, akawaruhusu. Gari zima lilicheka isipokuwa Marisela, aliyedhani jasho lake linaonekana. Wakapita katikati ya mji wa Sonoyta. Kulikuwa na duka la dawa upande wa kulia. Mbele kidogo kulikuwa na jingine, kisha la tatu, mlango wazi kabisa. Kila mara Marisela alifumbua kinywa, na kila mara akakifumba tena. Labda Lalo hataugua, alijiambia. Labda leo ni siku yake njema. Duka la mwisho likabaki nyuma.

Baada ya hapo ilikuwa jangwa tupu. Kipoza hewa cha gari kilikuwa kibovu, kwa hiyo waliteremsha vioo. Upepo ulianza kuvuma kutoka baharini, ukainua vumbi jembamba lililoingia machoni na puani. Mama akapandisha vioo haraka, lakini Lalo alikuwa amekwisha kukohoa. Akakohoa tena. Kisha Marisela akaisikia ile sauti aliyoiogopa tangu Sells, mluzi mwembamba ndani ya kifua cha mdogo wake.

"Mari, nipe inhela," mama akasema, mkono wake umenyooshwa nyuma.

Marisela akajifanya anapapasa chini ya kiti.

"Inhela, mwanangu! Haraka!"

"Iko... iko nyuma. Chini ya mizigo."

Baba akasimamisha gari kando ya barabara. Aliruka nje, akafungua buti na kuanza kuvuta vitu: kisanduku cha barafu, viti vya kukunja, mwavuli mkubwa, mifuko ya nguo. Akavirusha mchangani kimoja kimoja. "Kifuko kiko wapi? Chekundu, siyo? Mbona sikioni?" Jua lilichoma. Hapakuwa na gari jingine mbele wala nyuma. Ndani, Lalo alikuwa mapajani mwa Bibi, mabega yakipanda juu kwa kila pumzi. Hakuwa na nguvu za kulia. Midomo yake ilikuwa imepauka kama majivu.

Marisela aliona baba anapindua hata mfuko wa mikate, mikate ikimwagika mchangani.

"Baba, acha!" akapiga kelele. "Haipo! Imebaki nyumbani! Nimesahau!"

Baba alimtazama kwa kitambo kidogo tu. Alifunga buti kwa kishindo, akaingia na kuondoa gari. Viti na mwavuli vilibaki pale pale mchangani.

Zilikuwa zimesalia kilomita thelathini kufika mjini. Marisela hakuwahi kujua kwamba kilomita thelathini zinaweza kuwa ndefu hivyo. Mama alikuwa amegeuka, ameshika mkono wa Lalo, akimwita jina lake tena na tena. Bibi Chayo pekee ndiye aliyetuliza sauti.

"Nizimie mshumaa, Lalo wangu. Taratibu. Puu... Vizuri. Mwingine huo hapo."

Lalo akapuliza mishumaa isiyokuwepo. Kila baada ya mmoja alikawia zaidi kuvuta pumzi, na kila alipokawia, Marisela naye hakupumua. Alishika mguu wa mdogo wake na hakuuachia.

Duka la dawa lilikuwa mwanzoni mwa mji. Baba aliingia na Lalo mikononi, hata mlango wa gari hakuufunga. Mwanamke mwenye koti jeupe hakuuliza maswali mengi. Alichukua chupa tupu ya soda ya plastiki, akatoboa tundu kwenye kitako chake kwa mkasi, akachomeka inhela mpya humo ili dawa isitawanyike, na upande wa mdomo akamwekea Lalo kinywani.

"Vuta, mpenzi. Pole pole. Tena."

Dakika zilipita. Ule mluzi ukaanza kufifia, na rangi ikarudi midomoni.

"Soda iliyokuwa humu," Lalo akasema kwa sauti ya kukwaruza, "nani kainywa?"

Hapo ndipo mama alipolia. Daktari wa chumba cha jirani akampima Lalo, akamwongezea dawa, akawazuia saa nzima kabla ya kuwaruhusu.

Walifika ufukweni alasiri. Lalo alikaa kivulini mwa ukuta pamoja na mama na Bibi, akijenga ngome ya mchanga. Marisela alikaa mbali peke yake. Hakuna aliyemgombeza, na hilo lilimuuma kuliko kugombezwa. Baba akaja akaketi kando yake.

"Ulisahau," akasema. "Kila mtu husahau."

Ilikuwa rahisi kunyamaza. Baba mwenyewe alikuwa amempa pa kujifichia.

"Sikusahau tu, baba. Niliitoa mwenyewe. Nilitaka nafasi ya spika. Na pale Sells nilikwisha kujua."

Baba aliyatazama mawimbi.

"Pale Sells," akasema mwishowe, "ningefoka. Ningefoka njia nzima ya kurudi nyumbani, na Bibi yako angenifokea mimi. Basi, yangekwisha. Uliogopa kelele zangu kuliko ulivyoogopa kifua cha ndugu yako. Sehemu hiyo ni kosa langu, nami nitajirekebisha. Sehemu yako ni hii, mwanangu: kosa lolote liseme mapema, lingali dogo. Ukilifunika kwa uongo halikai lilivyo. Leo lilikua kila kilomita tuliyokwenda, na aliyelilipia ni Lalo, ambaye hakukosa kitu."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Lakini mama yako bado anajua nusu tu."

Marisela akainuka. Ukuta ule ulionekana uko mbali sana. Alikwenda hivyo hivyo, akasimama mbele ya mama yake.

"Mama," akasema, "kuna jambo sijakuambia."