Sitara Achanjwe, Asichanjwe?

Kila asubuhi Mauza alifungua duka kabla soko la Kariakoo halijachangamka. Yeye na mumewe, Nasor, waliuza mchele, kunde na tende. Paka wao, Sitara, aliwinda panya ghalani. Usiku alizurura juu ya mapaa hadi mtaa wa Gerezani. Alfajiri alirudi akajikunja miguuni pa binti yao, Zeina.

Mwaka ule mbwa mwenye kichaa alionekana karibu na karakana za reli. Ikatangazwa kwamba mbwa na paka wapelekwe kuchanjwa.

"Sitara hachanjwi," alisema Nasor. "Nimeuliza watu."

"Umemuuliza nani?"

"Kinyozi. Na muuza kahawa. Wote wanasema sindano inaua paka."

"Kinyozi amewahi kuchanja paka?"

"Hajawahi."

"Muuza kahawa anafuga paka?"

"Hafugi. Lakini ana akili."

Mauza alifumba macho. Alitamani kumrushia kibaba cha mchele.

"Basi muulize Mama Jayant," Nasor alishikilia. "Paka wake alivimba!"

Mama Jayant ni Harshida, jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Mauza alimkuta anaanika pilipili.

"Ni kweli," alisema Harshida. "Alivimba begani. Siku mbili hakula. Nikalia."

"Ungejua mapema, ungemchanja?"

"Ningemchanja, Mama Zeina. Uvimbe umeisha. Kichaa hakiishi."

Mauza alirudi na maneno hayo. Nasor akadaka nusu tu. "Umesikia? Alivimba!"

"Ya Rabi, nipe subira!" Mauza alimtia Sitara ndani ya tenga, akaparurwa mikono yote miwili, akatoka. Nasor akamfuata nyuma akilalamika njia nzima.

Mchanjaji alikuwa Onesphory, msaidizi wa daktari wa wanyama.

"Niapie kwamba sindano haitamdhuru," Nasor alimwambia.

"Siwezi kukuapia, Bwana Nasor. Wengine hupata homa kidogo, au uvimbe. Mara chache sana paka hudhurika vibaya. Aliye mgonjwa simchomi, nangoja apone. Huyu ni mzima?"

"Tazama mikono yangu," alijibu Mauza.

Onesphory alicheka, kisha akaacha kucheka. "Sasa pimeni upande wa pili. Mbwa mwenye kichaa akimng'ata, na ugonjwa ukimshika, hakuna dawa. Atakufa. Na kabla hajafa anaweza kumng'ata mtu. Je, anatoka nje?"

"Kila usiku," alisema Mauza.

"Hulala wapi?"

Mauza alimtazama mumewe. Safari hii hakumjibia.

"Kitandani kwa Zeina," alisema Nasor taratibu. Alimshika paka mwenyewe. "Mchome."

Kesho yake Sitara alivimba shingoni.

"Nilikwambia!" alisema Nasor. Alisema asubuhi, akasema mchana, akasema wakati wa kula. Mauza alimpa paka mchuzi wa samaki, akamlaza kivulini. Baada ya siku chache uvimbe ulikwisha, na panya wakaanza kukimbia tena.

Mvua zilipoanza, mbwa mmoja alipita mtaani akitoa udenda. Alimng'ata Sitara. Alimng'ata pia paka wa Abdulla, mshona viatu wa mtaani; paka huyo hakuwa amechanjwa.

Onesphory alimchoma Sitara mara ya pili. Akaagiza afungiwe peke yake kwa miezi kadhaa, huku akiangaliwa. Sitara alilia hadi majirani wakalalamika, lakini hakuugua.

Abdulla alimficha paka wake, akihofu kwamba angeuawa. Paka akashikwa na kichaa, akamng'ata Abdulla mkononi, kisha akafa. Harshida aliposikia kelele alimburuta Abdulla hadi bombani. Aliosha kidonda kwa sabuni na maji mengi, muda mrefu, bila kujali kelele zake. Siku ileile Abdulla akapelekwa hospitali. Alichomwa sindano nyingi tumboni, akanusurika.

Siku Sitara alipofunguliwa, mteja mmoja alimuuliza Nasor kuhusu chanjo.

"Mpeleke paka wako," alisema Nasor kwa sauti kubwa. "Mimi nilisema tangu mwanzo!"

Nasor aligeuka, akakutana na macho ya mkewe.

"Aliyesema ni Mama Zeina," akajirekebisha. "Mimi nilikataa. Lakini mpeleke. Huenda akavimba kidogo. Mvumilie."