Aliyeingia 18:40

Jua lilikuwa linazama pale mtaa wa Mukendo wakati Nyamburi alipofungua ofisi ya kikundi cha wakausha dagaa. Hakwenda kufagia. Alikwenda kumtafuta mwizi ndani ya kompyuta.

Wiki hiyo majina ya wanachama sita yalifutwa humo, na ufunguo anao yeye peke yake. Mwenyekiti Gasper alimwambia mbele za watu, "Kesho asubuhi ufunguo mezani, mama. Tutatafuta mfagiaji mwingine."

Dorah, katibu, aliyekuja naye, akabonyeza hapa na pale. "Inaandikaga kila anayeingia, na saa yake. Soma mwenyewe, usije ukasema nimekutungia."

Nyamburi akavuta kiti. Kusoma alikujua mwaka jana tu, na miaka yake hamsini na nne, kwenye darasa la watu wazima Kitaji. Macho yake yalikuwa hayajazoea kwenda bila mdomo. Akaweka kidole kwenye kioo.

"Jumatatu... 18:40... Ma... rce... li... na. Marcelina!"

Dorah akamshika bega. "Mama, nyamaza!"

Marcelina ndiye aliyekuwa katibu kabla ya Dorah. Walimzika Bugwema mwezi wa pili. Na kwao jina la marehemu halitajwi jua likizama. Likitajwa, linaitikiwa.

Lakini kidole kilishateremka, mdomo ukafuata.

"Jumanne, 18:40. Marcelina. Jumatano, 18:40. Marcelina..."

Harufu ya tangawizi ikajaa chumba. Marcelina alikuwa anatafunaga tangawizi.

"Abee," sauti ikaitika kutoka stoo.

Walikimbia peku, viatu wakaviacha mlangoni.

Asubuhi Dorah aliwaonyesha wanachama orodha ile; nywila ya marehemu aliijua Gasper tu, wakambana mpaka akakiri. Alichongesha ufunguo wa pili. Aliingia kwa jina la marehemu. Aliwafuta wasiomtaka kwenye uenyekiti.

"Jumatatu mimi. Jumanne mimi," akasema, jasho linamtoka. "Jumatano nililala Butiama, msibani. Waulizeni."

Wakauliza. Kweli alikuwa Butiama.

Ufunguo ukabaki kwa Nyamburi. Siku hizi anasoma mdomo umefungwa kabisa, na Dorah anamsifia. Ila jioni, akishafunga kufuli, anasikia kule ndani kuna mtu anajifunza kusoma. Taratibu. Kwa sauti. Vile vile alivyokuwa anasoma yeye.

"Nya..."

Hajawahi kusubiri amalize. Lakini kila jioni yule wa ndani anasogea herufi kidogo.

"Nya... mbu..."

Jana alifika kwenye r.