Mke Mkubwa wa Karakana

Jambo moja katika kisa hiki halikupata jibu, na pengine halitapata kamwe. Namba ya simu ya mshauri ilikutwa ndani ya kochi.

Si chini ya mto, ambako vitu hudondoka na kusahaulika. Ilikuwa imeandikwa kwa chaki ya bluu kwenye ubao wa ndani kabisa, nyuma ya gunia na makumbi ya nazi, mahali pasipoona mwanga mpaka fundi apasue kitambaa. Kochi lilikuwa la mwalimu mmoja mstaafu, na aliyelifunga kitambaa mara ya mwisho ni baba yake fundi, ambaye sasa ni marehemu. Mafundi makochi huandika vipimo mahali kama hapo. Hapa palikuwa na namba, na juu yake maneno matatu: Mshauri wa wanaume. Namba ilikuwa ya simu ya mkononi. Kochi lilifungwa kabla watu hawajaanza kutembea na simu mfukoni.

"Nani kaandika?" mke wa fundi aliuliza, ameinama mpaka vumbi la makumbi likamwingia puani.

"Waniuliza mimi? Nimepasua sasa hivi, umeniona," fundi alijibu.

Mwalimu alipoulizwa, alisema yeye kochi hulikalia tu, halisomi. Basi mke akainakili namba kwenye kiganja chake, maana alikuwa amefika mahali ambapo mtu hachagui mlango wa kubisha hodi.

Alikuwa ameanza kutafuta mshauri siku fundi alipompa jirani mkasi wa baba yake. Mkasi ule hakuwahi kumwazima mtu hata kwa kukatia uzi. "Chukua tu," alimwambia, "mimi sitauhitaji." Mke alikuwa mlangoni na kikombe cha chai, akaelewa kwamba anaaga. Tangu mtoto wao afariki akiwa na miezi miwili, fundi alikuwa akipungua kama kipande cha sabuni, na hasemi. Kazini alikuwa na kisingizio chake. Fundi makochi huhifadhi misumari mdomoni na kuitoa mmoja mmoja kwa ulimi, na mtu mwenye misumari mdomoni haulizwi swali.

"Wanaume wa ukoo wetu ni mabubu wenye ndimi," shangazi yake fundi alisema. Bibi huyo aliishi nao kwenye chumba cha uani, na macho yake yalikuwa yamechoka kuliko mdomo wake. "Baba yake, kaka yangu mimi, nilimuuliza una nini mpaka nikamzika."

Mshauri wa kwanza alikuwa wa mambo ya ndoa. Alitumia saa nzima kumhoji mke. Wa pili alikuwa binti mpole sana, mwenye vyeti ukuta mzima. Fundi alikaa mbele yake kimya mpaka muda ukaisha, akarudi nyumbani na taarifa moja: "Kiti chake kimekwisha sponji."

Wa tatu ndiye yule wa ndani ya kochi.

"Ni kweli, nahudumia wanaume tu, dada," sauti ilisema kwenye simu. "Si kwamba ninyi hamuumii. Ila mwanamke huja akiumwa, mwanamume huletwa akiwa amechelewa."

"Huyu je, amechelewa?"

"Anapumua? Basi bado yumo kwenye foleni. Mlete Jumatano, saa tisa mchana."

Alikuwa mtu mfupi mwenye kipara, aliyewahi kuwa muuguzi katika wodi ya wanaume, na chumba chake kilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa. Jumatano ya kwanza fundi alirudi akala sahani nzima. Ya pili alilala bila kuweweseka. Ya tatu, mke akimngoja chini ya ngazi, alimsikia akicheka huko juu. Kilikuwa kile kicheko chake cha zamani, cha siku za uchumba, kinachoanzia tumboni na kuishia kwenye kikohozi. Alikuwa hajakisikia kwa mwaka na miezi minne. Akashika ukingo wa ngazi kwa nguvu.

"Mmeongea nini?" alimuuliza njiani.

"Mambo tu."

"Mambo yana majina."

"Ya kiume, mke wangu. Achana nayo."

"Ya kiume! Miaka saba nakufulia, leo kuna mambo yamekosa sikio kwangu yamelipata kwa mwenye kipara. Haya, nisalimie mke mwenzangu."

Fundi alicheka tena. Yeye hakucheka. Alijua ni upuuzi, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeipiga namba ile. Alitaka mumewe apone. Lakini alitaka aponee mikononi mwake.

Jumatano ya nne, fundi alipoondoka, mke aliingia karakana kufagia. Kabla ya ufagio kugusa sakafu alisikia harufu. Haikuwa ile ya gundi na vitambaa vipya aliyoizoea. Ilikuwa ya makumbi yaliyolowa, kama nywele za mgonjwa aliyetokwa jasho la homa, na ilitoka pembeni, kwenye kiti cha babu.

Kiti kile hakikuwa cha kuuza. Babu yake fundi alikitengeneza, baba akakirithi, na kila baada ya miaka kadhaa kilivishwa kitambaa kipya juu ya kile cha zamani bila kuvuliwa. Kwa hiyo kilikuwa kimenenepa. Mikono yake ilivimba, mgongo wake uliinamia mbele kidogo kama mtu anayetega sikio.

"...wala sikumwambia mtu," sauti ya fundi ilisema.

"Umerudi?" mke aligeuka. Mlango ulikuwa wazi, mtaa mweupe kwa jua, hakuna mtu.

"Karibu, mdogo wangu," sauti ileile ilisema, kutoka kwenye kiti.

Ufagio ulimtoka mkononi. "Nani?"

"Waniulizaje nyumbani kwangu? Mimi ndiye mkubwa hapa. Nimemlea babu, nimemlea baba, nimemlea huyu. Kila kilichowachoma waliniletea mimi. Wewe umeletewa nini? Nguo za kufua."

Alitaka kukimbia, na miguu ikamwambia subiri kwanza.

"Sasa anakwenda kwa yule wa ghorofani," kiti kiliendelea, na kitambaa cha mgongoni kilipanda na kushuka polepole, kama kifua. "Anapiga pasi shati kwa ajili yake. Mwezi mzima hajaniinamia. Inauma, sivyo? Usinifiche, naunusa wivu wako, unanuka kama wangu. Tumeachwa sote wawili, mdogo wangu."

"Mimi sijaachwa," mke alinong'ona.

"Unajua basi ilikuwaje siku ile ulipokwenda sokoni?"

Alikuwa hajui, na kutojua huko alikuwa akilala nako kila siku kitanda kimoja.

"Mtoto alilia," kiti kilisema. "Alilia mara mbili. Mumeo alikuwa pale, hatua nne, nyundo mkononi..." Kikanyamaza.

"Malizia."

"Jumatano ijayo asiende. Abaki na mimi. Nitakumalizia hiyo, na nyingine zote."

Siku saba alizunguka na jambo lile kama mtu mwenye kokoto kiatuni. Jumatano asubuhi akapiga simu, akasema mumewe amesafiri.

"Amesafiri?" mshauri alishangaa. "Alisema leo ana neno zito, na kwamba atalisema kwangu kwanza, ndipo aende kulisema nyumbani. Haya, dada. Akirudi, aje hata siku isiyo yake."

Hapo angeweza kurudi nyuma. Lakini maneno mawili aliyasikia kuliko mengine yote: kwangu kwanza. Akakata simu. Fundi alikuwa amekwishavaa lile shati. "Mshauri kapiga," alimwambia, "ana udhuru." Fundi akauliza kama alitaja siku nyingine, akaambiwa hapana. Akalivua shati, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kitanda, akaenda karakana.

Saa tisa ilipogonga mke alikwenda kuchukua ujira wake. Mlango ulikuwa umerudishwa. Kupitia mlango alisikia sauti mbili za mumewe, moja ikibembeleza na nyingine ikiguna bila maneno, kisha chini ya hizo mbili ikaja ya tatu, nyembamba, ya mtoto mchanga, ikilia mara moja, ikilia mara ya pili, kilio ambacho matiti yake yalikitambua kabla ya masikio, na aliposukuma mlango ile harufu ya makumbi mabichi ikamjaa kooni, akamwona mumewe amepiga magoti mbele ya kiti, uso ameuzamisha kwenye mgongo wa kiti, na ile mikono iliyovimba imejikunja, imemkumbatia kichwa kama mama anayenyonyesha, huku kitambaa kikipanda na kushuka na sauti ikisema kwa upole wa kutisha, "Bado msumari mmoja, baba, wa tisa huu, umeze yote unyamaze, mimi natosha, mimi sitakuuliza kitu, si uliniambia mimi peke yangu?"

"Shangazi!" mke alipiga ukelele. "Shangazi, njoo!"

Alimshika mumewe mabega, akavuta. Kiti kilivuta upande wake. Kikongwe alifika, akamfunga mikono kiunoni mke, wakavuta wote wawili mpaka fundi akaanguka chali. Mdomo ulikuwa umejaa. Mke akaingiza vidole, akang'atwa, akavirudisha tena, akatoa msumari mmoja, wa pili, wa tatu, damu ikimtiririka kiganjani pale palipoandikwa ile namba siku ya kwanza, mpaka akatoa wa tisa na mumewe akavuta pumzi kwa sauti kama mtu aliyeibuliwa kisimani.

Wakambururia uani, juani. Hapo mke akasema yote. Hakujipamba. "Nimekudanganya wewe, nimemdanganya na yeye. Nilitaka kujua. Kile kitu kiliniahidi."

Fundi alifuta damu kwenye midomo iliyopasuka. "Mpigie," alisema.

Mshauri alikuja mikono mitupu, jasho kwenye kipara. Alichungulia karakana, akatoka haraka kuliko alivyoingia.

"Majini sikusomea," alikiri. "Na kile sikipendi. Kilianzaje?"

"Kwa ujinga," shangazi alisema. "Baba yetu alikuwa na desturi. Akiwa na neno linalomchoma, hulinong'ona ndani ya kile kiti kabla ya kukifunga kitambaa, kisha anapigilia misumari. Akamfundisha kaka yangu. Kaka akamfundisha huyu. Sisi wanawake tuliambiwa ni siri ya ufundi. Siri ya ufundi! Wamemfuga mtu humo kwa maneno, kama kuku kwa mtama."

"Kichomwe," mke alisema.

"Kikichomwa kimejaa, kilichomo kitahama na mzigo wake," mshauri alisema. "Nahisi hivyo, sisemi najua. Ninachokijua ni kimoja. Kitu kinachoishi kwa siri hakina bei siri ikishasemwa. Fundi, lile neno lako la leo. Nani alikuwa alisikie?"

"Wewe. Halafu yeye."

"Basi mimi niruke. Mpe mwenyewe."

Walirudi ndani wote wanne, milango na madirisha wazi. Kiti kilikuwa kimeanza tayari, kikiharakisha, "Mtoto alilia, mara mbili, hatua nne, nyundo mkononi," na fundi akapaza sauti juu yake, yake halisi, iliyokwaruza.

"Alilia, mke wangu. Nilikuwa na misumari tisa mdomoni. Nikasema moyoni, nimalize mstari. Nilipoweka nyundo chini alikuwa amenyamaza."

Mke alisikia maneno aliyoyatamani kuliko chakula, na hayakuwa na utamu wowote. "Daktari alisema moyo ulizaliwa na tundu," alisema. "Alisema usingeweza kitu."

"Najua. Lakini ningekuwa nimembeba."

Kiti kilinyamaza. Mgongo ulipanda, ukakawia kushuka.

"Na mimi nilichelewa makusudi," mke alisema polepole. "Sokoni nilikuwa nimekwishamaliza. Nilikaa tu kwenye benchi. Nilitaka saa moja bila kilio."

Fundi akampa mkono. Wakabaki hivyo, na mshauri akatazama dirishani, kama mtu aliyezoea kutazama dirishani.

"Mnaniacha?" kiti kiliuliza. Sauti haikuwa ya fundi tena, wala ya mtu. "Miaka yote ile? Nani mwingine aliwasikiliza?"

Na hilo lilikuwa kweli.

Ikaamuliwa kifunguliwe, kitambaa kwa kitambaa. Fundi alishika patasi, akampa mkewe. Mke ndiye aliyeng'oa. Kitambaa cha juu kilitoka kimya. Cha pili kilipolegea, ikatoka sauti ya mzee, nzito, yenye pumu, ikianza kusema jina la mtu asiyejulikana, na shangazi akaweka kiganja juu ya mkono wa mke.

"Hapo basi, mwanangu. Hiyo si yenu. Huyo ni kaka yangu, na chini yake yuko baba yetu. Hayachomwi kabla hayajasikilizwa."

"Shangazi, si vizuri ubaki peke yako," fundi alisema.

"Peke yangu vipi, na ukoo mzima umo humu? Nendeni. Mpeleke mkeo akafungwe vidole."

Wengine watatu wakatoka, wakakaa kwenye benchi ng'ambo ya mtaa, mke akiwa katikati, mshauri akimfunga vidole kwa leso. Mlangoni walimwona kikongwe akivuta kigoda, akiketi mbele ya kiti kilichopasuliwa, akikunja shuka lake magotini.

"Haya kaka," walimsikia akisema. "Uliniambia huna kitu. Sema sasa."

Alisikiliza mpaka jua likaelekea kuzama, mara akitikisa kichwa, mara akifuta macho, akivuta kitambaa kimoja kila sauti moja ilipokwisha. Kisha akatoka na mbao zilizobaki mikononi, nyepesi, hazina hata harufu, akazichoma mwenyewe uani. Alichokisikia hakumwambia mtu ila mshauri, aliyemtengea Ijumaa saa nne, ingawa alikuwa hahudumii wanawake.