Wimbo Uliokosa Jina

Simu ilisikiliza kwa sekunde kumi, ikaandika: hakuna sauti. Mama Nyimbo aliinua macho. Mzee aliyesimama mbele ya meza yake alikuwa bado anaimba kwa kuguna, mishipa ya shingo imemtoka, na yeye alimsikia vizuri kabisa.

"Hebu rudia, baba."

Hakuna sauti.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja cha ghorofani. Watu walimletea vipande vya nyimbo vilivyowakwama kichwani, yeye akavitafutia jina kwa simu iliyotambua nyimbo kwa kuzisikia, kisha akawanunulia na kuwapakulia kwa njia halali. Nyimbo za wizi hakuzigusa, na alijisifia hilo mpaka majirani wakamchoka. Mteja akiimba ovyo, aliiimbia simu yeye mwenyewe, huku akijaziliza palipopungua.

Basi akauimba. Ulimtoka kirahisi mno, hata pale mzee alipokuwa amesahau. Chumba kikanuka majivu yaliyomwagiwa maji. Simu ikaupata papo hapo: picha nyeusi, mwimbaji hana jina, na chini yake kurasa na kurasa za masharti. Nani husoma masharti? Akabonyeza Nakubali.

Mzee alishusha pumzi. "Miaka thelathini na moja," alinong'ona.

"Ya nini?"

"Ya kukaa ndani ya wimbo huo. Wimbo wenyewe ndio jini, mwanangu. Ukikuchoka hukuachia utoke kidogo, utafute wa kukupokea, mtu wa kuuimba mzima na kukubali. Nisamehe."

Akashuka ngazi akipiga mluzi.

Mama Nyimbo aliruka kutoka kitini akimbilie mlango, lakini zile hatua nne alizozizoea hazikuisha, akatembea na kutembea na kuipita meza ileile mara ya tatu, ya nne, kuta zikimsogelea kwa kila pigo la ngoma ya wimbo ule, akafungua kinywa amwite mdogo wake, fundi cherehani wa chumba cha pili, na kilichotoka kikawa ubeti wa kwanza, kisha wa pili, mpaka akajikuta anakitazama chumba chake kutokea chini, kupitia kioo cha simu.

Mdogo wake aliingia, kamshika mkono binti wa Mama Nyimbo, mtoto wa miaka minne.

"Dada?" Akapapasa kiti. "Bado kina joto. Kaenda wapi huyu? Na mbona sauti yake imo kwenye simu?"

Akainama kusikiliza. Midomo yake ikaanza kuufuata wimbo.

Mama Nyimbo alijibana kinywa kwa nguvu zake zote, ingawa koo lilimwaka moto. Simu ikanyamaza. Mdogo wake alirudi nyuma.

"Tutoke humu. Haraka."

"Mimi naujua huo, mama mdogo," alisema mtoto.

"Nyamaza!"

Lakini mtoto alikwisha kuanza, kwa sauti nyembamba, bila kukosea, akipita hata pale simu ilipoishia. Mama yake alipaswa kuomba anyamaze. Badala yake, Mungu amsamehe, alifurahi kwamba amepata wa kumpokea.