Peremende Kwenye Kiatu cha Kushoto

Mtaani walimwita Mzee Soli. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwepo kwenye vyeti, lakini hata mkewe alilikumbuka siku za kujaza fomu tu. Alikuwa fundi viatu. Umri wake ulikuwa miaka sabini na moja, na hamsini kati ya hiyo aliimaliza ameinamia miguu ya watu.

Kazi yake aliifanyia kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao. Palikuwa na meza fupi, makopo ya misumari, chupa za gundi na cherehani ya kushonea ngozi, ile ya kukanyaga. Ukutani palikuwa na rafu tatu. Ya juu ilikuwa ya viatu vilivyokwisha kutengenezwa. Ya kati ilikuwa ya viatu vinavyosubiri. Ya chini ilikuwa ya viatu ambavyo wenyewe walivileta wakapotea moja kwa moja. Hiyo Mzee Soli aliiita rafu ya mayatima.

Mteja akiingia, mzee hakumtazama usoni. Alimtazama miguuni.

"Wewe unaburuta kisigino cha kulia," alisema, hata salamu hazijaisha. "Na hicho kiatu kinakubana. Umekivaa kwa ajili ya watu."

Kwa miguu ya wengine, alikuwa bingwa. Miguu yake mwenyewe hakuwa ameitazama sawasawa kwa miaka mingi. Kitambi kilikuwa kimemziba njia.

Mzee Soli alikuwa na kisukari, mwaka wa tisa sasa. Vidonge alimeza, hilo tusimsingizie. Tatizo lake lilikuwa peremende. Alizipenda za ndimu, zile ngumu, zinazogonga meno kama kokoto. Daktari alimwambia aache. Mzee alimjibu, "Nimesikia." Na kweli alikuwa amesikia. Kuacha ndiko kulikomshinda.

Nyumbani mlinzi alikuwa mkewe. Mama huyo alipekua mifuko ya koti. Alipekua chini ya mto. Jioni alimsimamisha mumewe mlangoni kama mtu anayevuka mpaka.

"Hebu sema habari," alimwambia.

"Habari."

"Mbona habari yako inanukia ndimu?"

Basi mzee akatafuta maficho mengine. Siku moja macho yake yakatua kwenye rafu ya mayatima. Nani atapekua kiatu kisicho na mwenyewe? Akaanza kutia peremende moja moja kwenye ncha za viatu hivyo. Mteja akishatoka, aliinama kana kwamba anatafuta msumari. Alipoinuka, shavu lilikuwa limevimba.

Jumatatu moja asubuhi alikuwa ameshika peremende mkononi, hajaifungua. Akasikia ndala za mkewe zinakuja. Rafu ilikuwa mbali. Karibu yake palikuwa na viatu vyake mwenyewe, vyeusi, vyenye ncha kali, alivyovishona enzi za ujana wake. Akaisukumia peremende ndani ya kile cha kushoto.

"Mzee wangu, vaa viatu," mkewe akasema. "Twende kwa muuza ngozi."

"Tangulia, nakuja."

"Ukija peke yako utapitia dukani. Nakusubiri hapa hapa."

Akasimama mlangoni, mikono kiunoni. Mzee kijasho chembamba kikamtoka. Angekung'uta kiatu, peremende ingetoka mbele ya macho ya mkewe. Akavaa soksi polepole. Akaingiza mguu wa kushoto polepole zaidi, akisubiri ile kokoto imguse.

Hakusikia kitu. Akakanyaga. Hakusikia kitu tena.

"Imedondoka chini ya meza," akajiambia moyoni, na akashukuru. Hapo ndipo alipokosea. Peremende haikudondoka. Ilikuwa pale pale, chini ya kidole gumba.

Walitembea asubuhi nzima. Muuza ngozi alikaa upande wa pili wa mji, na mzee alikuwa mtu wa kubishana bei kila kibanda. Waliporudi mchana, hakuvua viatu. Kandambili zake zilikuwa zimekatika, na fundi aliyepaswa kuzitengeneza hakuwa na haraka. Akakaa kwenye cherehani, akaanza kukanyaga.

Alasiri mkewe alikuwa anafagia chumba hicho. Akasimama.

"Hawa sisimizi wametoka wapi?"

Mstari wa sisimizi ulianza mlangoni. Ukapita chini ya meza. Ukazunguka mguu wa kiti.

"Ni viatu vya wateja," mzee akasema. "Watu wanakanyaga kila kitu."

Wakati huo huo muuguzi wa kliniki ya mtaa akaingia. Alikuwa amekuja kuchukua viatu vyake vyeupe vya kazini, vilivyowekwa visigino vipya.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," mzee akajibu, akiitazama miguu yake. "Viatu tayari. Punguza kukanyagia upande wa nje."

Muuguzi naye alikuwa anatazama mguu. Alikuwa ameufuata ule mstari kwa macho mpaka mwisho.

"Baba, hawa sisimizi wanaingia kiatuni mwako."

"Wamepotea njia."

"Hawajapotea. Wengine wanatoka wamebeba mzigo. Naomba uvue hicho kiatu."

"Mwanangu, miaka hamsini navua watu viatu. Mimi sijawahi kuvuliwa."

"Basi leo ni zamu yako," muuguzi akasema, akapiga magoti.

Kiatu kikatoka. Soksi ilikuwa imelowa, na hilo halikuwa jasho. Muuguzi akaivuta taratibu. Chini ya kidole gumba palikuwa na karatasi iliyochanika na kipande cha peremende kilichonata. Akakibandua. Chini yake ngozi ilikuwa imechubuka vibaya, na nyama nyekundu ilionekana.

Mkewe akakitazama kidonda. Kisha akaitazama peremende. Kisha akamtazama mumewe.

"Ya ndimu," akasema.

Mzee akajitetea haraka. "Jambo dogo tu hilo. Haliumi hata kidogo."

"Hilo la kutouma ndilo linalonitisha, baba," muuguzi akasema. "Hebu funga macho. Nitakugusa vidole vya mguu. Nikikugusa, niambie ni kidole gani."

Mzee akafunga macho. Alitaka sana kushinda mtihani huu.

"Kidole gumba," akasema.

"Sijagusa bado."

"Nilikuwa najiandaa."

Akasubiri. Akasubiri sana, mpaka akafungua jicho moja. Kidole cha muuguzi kilikuwa juu ya kidole chake gumba, kimekibonyeza. Mzee Soli alikiona kwa jicho. Mguuni hakukuwa na habari yoyote.

Hapo utani ukamwishia. Aliogopa, na uso wake ulionyesha wazi kwamba ameogopa.

"Mguu wangu umelala?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Umekufa ganzi, baba. Sukari ikikaa juu kwenye damu kwa miaka mingi, inaharibu mishipa ya fahamu. Mguu unaacha kutoa taarifa. Mtu anakanyaga msumari asijue. Tena damu inafika miguuni kwa shida, kwa hiyo kidonda kinachelewa kupona. Vijidudu vikiingia, vinaweza kwenda mpaka kwenye mfupa. Wengi waliokatwa mguu walianza na kidonda kidogo kama hiki, kisichouma."

Mzee akaitazama cherehani yake. Mguu wa kushoto ndio aliouanzishia kila mshono, kwa miaka hamsini. Bila huo mguu angekuwa nani? Mzee Soli asiye na soli.

Mkewe hakuwa amesubiri maelezo. Alikwisha kukimbilia jikoni. Sasa alirudi na beseni la maji ya chumvi linalofuka mvuke.

"Tia mguu humu, mzee wangu. Maji ya moto yatatoa uchafu wote."

Mzee akainua mguu, mtiifu kuliko siku zote. Muuguzi akauzuia. Akachovya ncha ya kiwiko chake ndani ya beseni, akakitoa mara moja. Kilikuwa chekundu.

"Mama, haya maji yangemuunguza."

"Si angesema kama yanaunguza?"

"Asingesema. Asingejua."

Beseni likatua chini. Mama akakaa kando yake, akafunika uso kwa upande wa kanga. Miaka tisa alijiona ndiye anayemwokoa mumewe, na nusura amchemshe kwa mikono yake mwenyewe. Alilia, na hakujali nani anamwona.

Muuguzi akasafisha kidonda kwa maji safi ya kunywa, akaukausha mguu, akafunika kwa kitambaa safi.

"Sasa kliniki," akasema.

"Kesho asubuhi," mzee akasema.

"Leo. Na hutembei. Tunaita gari."

Mzee Soli akaondoka amevaa kiatu kimoja, kingine mkewe amekibeba kwenye mfuko kama ushahidi.

Daktari alisafisha kidonda vizuri, akapima sukari. Ilikuwa juu sana. Akarekebisha dawa. Akasema mguu upumzike, cherehani ipumzike, na bandeji ibadilishwe na mtu anayejua kazi hiyo. "Mngechelewa siku chache," akasema, "ningekuwa nawaeleza habari nyingine kabisa."

Muuguzi akawa anafika nyumbani kubadilisha bandeji. Siku ya kwanza mama alimngojea mlangoni.

"Nimepekua mifuko yake yote," akasema. "Mguuni sikuangalia hata siku moja."

"Ulikuwa unalinda mdomo peke yake, mama. Na wewe, baba, ulikuwa unamkimbia mlinzi. Acheni kuwindana. Hii ni kazi ya watu wawili."

Akaomba kioo. Mama akaleta kile anachojitazamia akisuka nywele. Muuguzi akakiweka sakafuni, akamwambia mzee aweke mguu juu yake kidogo, bila kukigusa. Mzee akauona unyayo wake.

"Huu mguu wa nani?" akauliza.

"Wako," mkewe akasema.

"Umezeeka."

"Na mwenyewe je?"

Muuguzi akawafundisha. Kila jioni waitazame miguu yote miwili, juu, chini na katikati ya vidole. Watafute mchubuko, lengelenge, wekundu, uvimbe au ngozi iliyopasuka. Wakiona kitu, waende kliniki siku hiyo hiyo. Miguu ioshwe kwa maji ya uvuguvugu, na maji yapimwe na mama kwa kiwiko, maana mguu wa mzee haupimi tena. Ikaushwe vizuri katikati ya vidole. Mafuta yapakwe juu na chini, lakini si katikati ya vidole, kwa sababu unyevu unaozesha ngozi.

"Na sugu?" mzee akauliza. "Huwa nazikata kwa kisu cha ngozi."

"Kisu cha ngozi ni cha ngozi ya ng'ombe, baba. Sugu niletee mimi. Usitembee peku hata ndani. Na kabla ya kuvaa kiatu, kikung'ute, halafu ingiza mkono ndani upapase. Mkono wako bado unasikia. Uutumie."

Mzee akainamisha kichwa. Kila kiatu cha mteja alikipapasa ndani kutafuta ncha za misumari. Chake tu ndicho hakukipapasa.

Kuhusu chakula, muuguzi hakutaka mzee apikiwe sufuria yake ya huzuni. Wote wale chakula kimoja: nusu ya sahani mboga za majani, robo maharage, samaki au yai, robo iliyobaki chakula cha kushibisha kama ugali au wali. Dawa zimezwe kama daktari alivyoandika, na asiruke mlo.

"Na peremende?" mzee akauliza, akitazama dari.

"Zina kazi yake. Dawa zako zinaweza kuishusha sukari kupita kiasi. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho la ghafla au kuchanganyikiwa, tafuna peremende tatu au nne mara moja, au unywe maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari. Ukipata nafuu, ule chakula. Usipopata nafuu, mje kwetu haraka. Na mama, akishindwa kumeza usimtie kitu mdomoni. Mkimbize hospitali."

Basi peremende zikawekwa kwenye kopo, juu ya meza, mahali pa wazi. Zile za rafu ya mayatima mzee alizitoa mwenyewe. Zilikuwa kumi na saba. Mkewe alihesabu bila kusema neno, na mzee aliona afadhali angesema.

Wiki ya saba kidonda kilifunga. Sukari nayo ilikuwa imeshuka, na daktari alitabasamu alipoisoma. Mzee Soli akajishonea viatu vipya, vipana mbele, vyenye soli laini, bila mshono unaosugua ndani. Vile vyeusi vyenye ncha akavipeleka rafu ya mayatima. Kisha akakaa kwenye cherehani, akaweka mguu wa kushoto, akakanyaga. Sindano ikaanza kucheza. Alifurahi mpaka machozi yakamlenga, akasingizia gundi.

Tangu hapo hakuna mteja mzee aliyetoka kwenye chumba kile bila somo. "Una kisukari?" alimuuliza. "Basi ingiza mkono ndani kwanza. Mimi nilishindwa na peremende."

Nyumbani ukaguzi ukamkolea. Hakuridhika na viatu vyake. Jumamosi moja aliamua kukung'uta vya nyumba nzima. Alipofikia viatu vya mkewe, vile vya kahawia vya kutokea, kitu kikaanguka sakafuni: tak.

Mzee akakiokota. Ilikuwa ya ndimu.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji ya uvuguvugu. Alikuwa ameapa kwamba naye ameziacha peremende, ili mumewe asizile kwa macho.

"Mama," Mzee Soli akasema taratibu, "hebu sema habari."

Mkewe akatikisa kichwa. Shavu lake la kulia lilikuwa limevimba.