Sarafu Katika Sahani ya Kombe

Simba yupo. Fahali yupo. Mwanamke aliyesimama katikati yao hayupo.

Hilal aliifuta ile sarafu kwa shati, akaitazama tena. Jana alikuwapo. Na Hilal si mtu wa kukosea, muulize mwenyewe: mji mzima wa Hopkins, huku ughaibuni, umeshachoka kusikia kwamba hakuna azijuaye kama yeye sarafu za shaba za Moesia, jimbo la Warumi wa kale, na kwamba wanyama wale ni alama za majeshi mawili yaliyolilinda. Huzinunua zikiwa na tope, huzilowesha zisafike, huziuza mtandaoni.

Safari hii maji yake maalumu ya kuzisafishia yalikwisha. Bingwa akachukua marashi ya mawaridi ya mama mkwe, Bi Kibibi, akailowesha sarafu katika sahani ya kombe, ile ile ambayo Bi Kibibi huiandika aya kwa zafarani, akaziosha, bintiye akanywa apate kujifungua salama. Nasima, mkewe, mwenye mimba ya miezi saba, alikuta maji ambayo tope la sarafu limeyatia rangi ya zafarani, yananukia. Akapiga bismillahi, akanywa yote. Sarafu iliyobaki chini akadhani ni dawa nyingine ya mamake.

Kufikia adhuhuri alikuwa akitoka jasho linalonuka shaba, na nyuma ya kochi kikasikika kitu kinachotafuna taratibu, kisha kwato zikakanyaga zulia, zikazunguka meza, zikasimama nyuma ya kiti chake, naye akacheka kwa sauti nzito isiyokuwa yake, huku barafu ya dirishani ikiyeyuka pale palipopumuliwa na kitu ambacho hakuna aliyekiona.

Maalim Shaaban, msomaji wa pepo, aliitwa kutoka mji jirani wa Fridley. Alimsogelea Hilal, akanong'ona.

"Mwanangu, ndani ya sahani mlikuwa na nini? Nikijua pepo huyu alikotoka, nitamrudisha peke yake. Nisipojua, hatatoka mikono mitupu."

Sarafu ilikuwa mfukoni mwa Hilal, ya moto. Kusema ni kukiri mbele ya mama mkwe kwamba sahani ya aya aliigeuza karai la kuoshea masanamu, yeye aliyewacheka kila wiki kwa kunywa wino. Bi Kibibi alikuwa akimtazama.

"Marashi tu, Maalim."

Shaaban akasoma. Kwato zikakimbia, harufu ikakatika, Nasima akafumbua macho, akaomba maji. Bi Kibibi akalia, akamshukuru hata mkwewe.

Hilal alijifungia chooni, akaitoa sarafu. Mwanamke amerudi kati ya simba na fahali. Amekumbatia mtoto mchanga.

Sebuleni Nasima akasema kwa sauti ya chini, yake mwenyewe sasa:

"Mama, mtoto mbona hachezi?"