Saa ya Popo

Saa ya Popo haikuwa imelia tangu ilipotolewa baharini ikiwa shingoni mwa mwenyewe. Ilikuwa imeota kutu, mishale imegandana, nayo ilitundikwa chumbani kwa sababu moja tu: mke wa Nahodha hakuachiwa kumbukumbu nyingine ya Popo, kaka yake. Mchana ule, Nahodha alipofumba macho tu, ikalia.

Mkewe aliisikia akiwa jikoni, mwiko ukamponyoka. Siku ya safari nyumba ile haikuruhusiwa hata kukohoa. Watoto walipelekwa kwa shangazi yao, mapazia yalibanwa kwa vibanio vya nguo, na sufuria zilitandikiwa matambara zisigongane. Nahodha alikuwa akizipeleka mashua za matanga kwa wanunuzi, peke yake, usiku kucha. Mtu wa kazi hiyo hulala mchana ashibe, kisha baharini anaibia vipande vya usingizi, saa ya kengele ikiwa shingoni. Ikilia anaamka, anaangalia mbele, anaitegesha tena. Popo naye alifanya kazi hiyohiyo. Mwaka jana alilala fofofo na mashua ikampeleka kwenye miamba, akafa.

"Umeichezea hiyo saa?" mkewe aliuliza kwa sauti ya chini, kichwa mlangoni.

"Niichezee nina wazimu? Itoe humu."

Akaitoa, akaifungia stoo. Aliporudi kunyoosha shuka, mkono wake ukagusa mto. Ulikuwa umelowa chapachapa, na ulinuka kamba iliyooza kwa maji ya chumvi.

"Baba watoto, ahirisha. Au tumwite mtu aje akusomee dua."

"Niahirishe niseme nini? Kwamba saa mbovu imeninyima usingizi? Watanicheka mpaka niache kazi." Akageuza mto. "Wapo wengi wanaoimezea mate nafasi hii."

Hilo alilijua vizuri kuliko mtu yeyote, kwa kuwa mwenyewe aliwahi kuimezea mate.

Alifumba macho tena. Saa ikalia, safari hii kutoka chini ya kitanda. Mkewe alikwenda stoo, akakuta kufuli iko palepale na ndani hamna kitu. Alirudi akinyata, na alipofika mlangoni mwa chumba akasikia watu wawili wakiongea ndani, mmoja mumewe, na wa pili mwenye sauti iliyomfundisha kupiga mluzi utotoni, sauti aliyoililia makaburini mpaka ikambidi kushikwa, na sasa ilikuwa inaongea taratibu huku maji yakidondoka sakafuni tone kwa tone.

"Umechoka, shemeji?"

"Niache nilale. Nakuomba."

"Na mimi nilikuomba. Mchana wa safari yangu ulikuja kwangu na chupa ya kahawa, kila nikipiga miayo unasema bado hadithi moja. Nikakucheka. Nikasema shemeji ananipenda kweli."

"Nilitaka uchelewe safari tu. Ukichelewa, nafasi ninapewa mimi. Sikutaka ufe!"

"Na kitambaa ulichokisokomeza kwenye kengele ya saa yangu?"

Maji yakadondoka.

"Ulikitoa ukiwa wa kwanza kunishika," sauti ikaendelea, "wote wanalia, wewe unachokoa saa. Mwambie dada, nitakuacha ulale."

"Siwezi. Ataondoka na wanangu."

"Basi usilale."

Mkewe aliondoka mlangoni pale akiwa ameziba mdomo kwa kanga. Alikwenda kukaa jikoni. Hasira ilimpanda mpaka akaona giza, maana mtu yule ndiye aliyebeba jeneza mbele, ndiye aliyemfuta machozi mwaka mzima kwa mikono hiyohiyo.

Jua lilipoanza kupoa Nahodha alitoka chumbani, macho mekundu, hajapata hata lepe la usingizi. Saa yake mpya ilikuwa shingoni. Alisimama mlangoni na begi lake kama mtoto anayeogopa shule.

"Mama watoto, sijalala. Fanya hivi: nipigie simu. Usiku kucha, kila ukishtuka, nipigie. Hii saa siiamini tena."

"Una neno lingine la kuniambia?"

Alilipachika begi begani. "Hapana," alisema. "Nipigie tu."

"Nenda salama."

Usiku ulipokolea, saa ya Popo ikalia chumbani. Mkewe aliikuta ukutani, mahali pake pa siku zote, mishale yenye kutu ikitembea, kengele ikipiga kwa nguvu iliyotikisa kioo cha kabati, na alielewa bila kuambiwa kwamba huko baharini kuna mtu kidevu kimemwangukia kifuani, saa yake mpya imenyamaza, na kitu pekee kinachoweza kumwamsha kabla ya miamba ni simu aliyoishika yeye.

"Dada," sauti ilisema nyuma yake, kwa upole. "Ni juu yako."

Alisimama na simu mkononi, kidole juu ya jina la mumewe. Akakumbuka chupa ya kahawa. Akaizima simu. Kisha akachana pindo la kanga yake, akalikunja, akalisokomeza kwenye kengele, akalikandamiza kwa kidole gumba mpaka mlio ukakatika.

Matone yakaacha kudondoka. Alipanda kitandani, akalala upande wa mumewe. Mto ulikuwa mkavu.